Breki ya Mwalimu

9 Januari

Kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, maana siku hizi hiyo nayo ni habari. Sisi huku tunazivuta siku. Shemeji yako anakula, analala, anakasirika. Daktari anasema kukasirika ni dalili nzuri. Tangu kile kiharusi, upande wa kulia bado haumtii. Vidole viwili vimeanza kucheza, lakini mguu anauburuta kama si wake. Binti yetu amejifungua salama mtoto wa pili huko kwa mumewe, kwa hiyo ule msaada niliokuwa nautegemea umepata kazi nyingine. Mimi bado niko duka la dobi, napiga pasi tangu asubuhi mpaka miguu inavimba.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na mgonjwa hana kazi nyingine ila kusikiliza. Jambo lenyewe sitaki alisikie. Ukijibu, tuma kwa anwani ya dukani.

Kaka, nataka kujifunza gari.

Usicheke. Mtaalamu wa viungo alisema mazoezi ni mara tatu kwa wiki, na mwaka wa kwanza ndio wa kukazania. Ukishapita, kilichokufa kimekufa. Gari la kukodi kwenda na kurudi linameza karibu mshahara wangu wote, kwa hiyo tumeshuka mpaka mara moja kwa wiki. Basi hawezi. Tulijaribu, akaanguka ngazini na watu wakamkanyaga mkono. Na gari letu lipo hapo uani, linakula vumbi. Nilimwambia mara moja tu, "Nikijifunza, nitakuwa nakupeleka mwenyewe." Akanijibu kwa ule ulimi wake mzito, "Nitaliuza kwanza." Miaka kumi na minane ameendesha gari la kusambaza mikate, na hajawahi kukaa kiti cha pembeni. Funguo anazilalia chini ya mto.

Wewe umefundisha watu udereva zaidi ya miaka ishirini. Hapa mjini shule za udereva zimejaa kama maduka ya dawa, kila moja na bango lake. Mwalimu mzuri nitamjuaje? Sina nafasi ya kukosea. Au chukua likizo ya wiki mbili tu, uje unifundishe wewe.

Mdogo wako, mpiga pasi


2 Februari

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako, na nimekuwa babu mara ya pili bila kutoa jasho. Mpe binti yetu pongezi zangu. Shemeji mwambie namsalimu na asiache kukasirika. Mama mwenye nyumba wangu naye anakusalimu. Ndiye aliyeipokea barua, na nadhani bahasha isingekuwa na gundi nzuri angeijua habari kabla yangu. Mimi nipo. Kazi zinaendelea.

Sasa sikiliza. Kabla hujatoa chochote, omba ukae kiti cha nyuma wakati mtu mwingine anafundishwa. Mwalimu akikataa, aga uondoke. Akikubali, mwanafunzi muache, mtazame mwalimu pale mwanafunzi anapokosea. Anayefoka kosa la kwanza atakuharibia miguu, utakuwa unakanyaga kwa woga. Halafu chungulia chini upande wake. Lazima kuwe na breki ya mwalimu, na mguu wake uwe karibu nayo. Nimeona magari ambayo ile breki ni pambo tu.

Usilipe masomo yote kwa mpigo, hata akikupunguzia bei. Hasa akikupunguzia bei. Lipa mawili, uone. Muulize mapema mafuta ni ya nani, gari la siku ya mtihani limo kwenye ada au la, na ukifeli kurudia ni kiasi gani. Anayekasirishwa na maswali hayo ndiye anayeishi kwa malipo hayo ya kuficha. Kitabu cha alama za barabarani azima, usinunue. Na jifunze kadiri uwezavyo bila mafuta: kaa kwenye kiti, panga viatu vitatu sakafuni, hiki klachi, hiki breki, hiki mafuta, ukanyage mpaka miguu iache kukuuliza.

Kuja siwezi. Likizo hakuna. Hilo tuliache hapo.

Kaka yako


1 Machi

Kaka,

Salamu zako zimefika. Mgonjwa ameanza kushika kijiko kwa mkono ule mbovu. Supu nusu inafika mdomoni, nusu shingoni, na ole wangu nikimsaidia. Mwenye duka ametuletea pasi mpya zinazotoa mvuke. Nzito kuliko za zamani. Bega langu linalijua hilo kabla sijaamka.

Nakuandikia kwa aibu. Ulinionya, na bado nimeingia mkenge.

Nilikwenda kwenye shule moja yenye gari jipya linalong'aa na mwalimu ambaye wanafunzi wake wanamwita Profesa. Kijana mtanashati, maneno yake yametiwa sukari. Nilimwomba kukaa kiti cha nyuma akacheka, "Mama, wewe umezaliwa dereva, naona mikononi." Akanipunguzia bei kama nikilipa masomo kumi pamoja. Kaka, nilikuwa nimesimama siku nzima. Kile kiti kilikuwa laini. Nikalipa.

Somo la kwanza tulizunguka uwanja. La pili tukapita kuchukua mashati yake kwa fundi. La tatu tukawafuata watoto wake shuleni, wakanisalimia kwa adabu, "Shikamoo mwanafunzi." La nne tulikaa foleni ya kujaza mafuta, na saa yangu ikaishia hapo. Nilipofika la tano nikagundua kwamba namwendesha tajiri wangu, na nimemlipa anipe kazi hiyo. Nilipouliza lini tutajifunza kurudi nyuma, akasema kurudi nyuma ni kozi nyingine. Kuna malipo ya ziada. Gari la mtihani nalo ni malipo ya ziada. Hata fomu! Nikamwomba zilizobaki anirudishie, akanionyesha karatasi niliyoweka sahihi bila kuisoma.

Nimetoka pale. Sasa niko kwa fundi mmoja wa magari, mzee, anafundisha jioni na gari ambalo mlango mmoja ni wa bluu na mingine myeupe. Huyu aliniruhusu kukaa nyuma. Alikuwa na mwanafunzi mwoga, gari likamzimikia kilimani mara saba, na magari ya nyuma yakipiga honi. Yule mzee akatazama nje dirishani kama mtu anayesubiri chai. Kisha akasema, "Imezimika tu, haijafa. Washa." Nikajua nimefika. Nalipa somo kwa somo, na mguu wake hautoki kwenye breki.

Nyumbani nimesema nafanya saa za ziada dukani. Uongo huo unanichosha kuliko pasi.

Kaka, nakuuliza tena ingawa ulisema tuliache. Wiki mbili tu. Ungekuwepo wewe nisingeliwa na Profesa. Jana nilipiga simu kwenye shule yenu kukutafuta, maana simu yako hupokei. Aliyepokea alisema, "Yule? Hayupo hapa muda mrefu." Nikafikiri amekosea mtu.

Mdogo wako


19 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa, unisamehe. Huku wote wazima. Mvua zimeharibu bati, mama mwenye nyumba anapigana na fundi.

Umefanya vizuri kumwacha huyo Profesa. Hasara ya nusu si sawa na hasara ya nzima. Huyo mzee usimwache. Mwambie akufundishe kurudi nyuma kwa kutumia vioo vya pembeni, siyo kugeuza shingo tu.

Usipige simu shuleni. Watu wa pale hawana adabu kwenye simu.

Kaka


5 Mei

Kaka,

Barua yako ilikuwa na mistari kumi na kidogo, na imejaza kurasa mbili. Herufi zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mstari wa mwisho umepanda juu ya ule wa kabla yake. Nimeitazama sana. Sina nguvu ya kukuchimba, lakini ujue nimeona.

Habari za huku si nzuri. Alikuja mtu aliyekuwa akifanya kazi ya mikate na mume wangu, kumjulia hali. Mimi niko jikoni nakoroga uji. Nikasikia sauti ya furaha: "Na hongera kwa mama! Nimemwona juzi kwenye mzunguko, ameshika usukani, anaendesha vizuri kabisa." Nikazima jiko.

Siku mbili hakusema neno. Hakunitukana, hakutupa kitu. Siku ya tatu nikiwa namvalisha soksi akaniambia, taratibu, neno lisipotee, "Umenizika." Nikamwambia, "Nataka ukafanye mazoezi." Akasema, "Umenizika, halafu unaniuliza kama kaburi limekaa sawa." Kaka, nilimalizia ile soksi, nikavaa viatu, nikaenda kazini. Nilichoma kwa pasi koti la mteja mmoja, daktari. Nitakatwa mshahara.

Wiki iliyofuata nikafanya mtihani. Barabarani nilipita. Kurudi nyuma katikati ya vigingi nikaangusha viwili. Mtahini hata hakunitazama, aliandika tu. Yule mzee wangu akaniambia wengi huangukia hapo, nijaribu tena mwezi ujao. Nimechoka sana, kaka. Nina miaka hamsini na mmoja, na leo nimelia ndani ya gari lenye mlango wa bluu kama msichana.

Sikuombi uje tena. Niambie tu ukweli kuhusu hayo maandishi.

Mdogo wako


2 Juni

Dada yangu,

Maandishi haya ni ya mama mwenye nyumba. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asiongeze chumvi. (Mimi mwandishi: sijaongeza. Salaam, mama. Huyu kaka yako hali chakula vizuri na ananidanganya kwamba ameshiba.)

Pole kwa mtihani. Pole zaidi kwa lile neno la shemeji. Mwanaume aliyeshika usukani maisha yake yote, ukimnyang'anya, hajui mikono aiweke wapi. Nalijua hilo kwa sababu ndiyo hali yangu.

Macho yangu yameisha, dada. Yalianza pembeni. Mbele naona, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, lakini pembeni ni ukungu. Daktari aliniambia ni presha ya macho, akanipa dawa ya matone. Nikayatumia nilipokumbuka, na kazi nikaendelea. Nilijiambia mwalimu hahitaji macho mengi, anahitaji mguu na uzoefu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, binti aliyekuwa akisomea ualimu. Makini sana. Tulikuwa tunatoka njia ndogo kuingia barabara kubwa, mchana kweupe. Akaniuliza, "Mwalimu, upande wako kweupe?" Nikamwambia, "Kweupe, ingia." Kulikuwa na mtu wa baiskeli. Sikumwona, dada. Binti alimwona mwishoni kabisa, akakata usukani, tukapiga ukuta. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki na haukukanyaga chochote, kwa sababu sikujua kuna kitu cha kukanyagia. Mwenye baiskeli hakuguswa. Binti alivunjika mkono mahali pawili.

Watu wa shule walikuja kuandika taarifa. Ilisema mwanafunzi alipoteza utulivu. Nikaweka sahihi.

Hilo ndilo sikutaka uniulize. Macho ni ugonjwa, yanampata yeyote. Ile sahihi niliiweka mwenyewe. Shule ikanitoa kimya kimya baada ya mwezi, na tangu hapo naishi kwa akiba na kumwambia kila mtu kwamba kazi zinaendelea. Binti hakurudi kujifunza. Nimesikia wanamtania kwao kwamba yeye na magari hapana.

Sasa umejua kwa nini sikuja. Ungeniuliza upande wangu kweupe, ningekujibu nini?

Kuhusu vigingi: usikate usukani mpaka kigingi cha kwanza kitokee kwenye pembe ya kioo. Halafu polepole, kwa klachi tu.

Kaka yako


30 Juni

Kaka yangu mkubwa,

Nilikusoma nikiwa nimekaa juu ya fungu la shuka chafu, na mwenye duka aliniacha. Pole. Sitasema zaidi kwenye karatasi, na mama mwenye nyumba anisamehe, lakini mambo mengine hayasemwi mbele ya mwandishi. Nitasema hili tu: wewe bado ni kaka yangu, na ulifanya vibaya. Yote mawili.

Huku kumetokea jambo. Siku ile niliyofeli sikumwambia kitu. Kama mwezi hivi ukapita, barua yako imeshafika, tumekaa mezani, yeye anatazama ukuta. Mara akasema, "Kurudi nyuma?" Nikaitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiberiti kwa mkono wa kushoto, akapanga vikombe viwili na chupa mbili za dawa, akaanza kukirudisha kile kiberiti katikati. Mkono wa kushoto haukuweza kukipinda sawasawa, akaleta na ule wa kulia kuusaidia. Mkono wa kulia, kaka! Alitoka jasho. "Hapa," akasema. "Kabla ya hapa usikate." Nikamwambia kaka naye kasema hivyohivyo. Akasema, "Kaka yako anajua." Tukacheza na kile kiberiti siku tisa.

Tarehe kumi na nane nilipita. Vigingi vyote vimesimama.

Nilipofika nyumbani na karatasi yangu hakunipongeza. Alisema betri itakuwa imekufa. Aliingiza mkono chini ya mto, akaweka funguo mezani, akageukia ukutani. Fundi wangu mzee alikuja akatia betri, hakutaka malipo, alitaka chai. Kesho yake shemeji yako akafungua mwenyewe mlango wa pembeni. Alisimama pale kwa muda. Kisha akakaa, akaunyanyua ule mguu kwa mikono miwili, akauingiza ndani. Njia nzima mguu mzima unakanyaga sakafu, breki ambayo haipo. Tulipofika hospitali shati lake limelowa kuliko langu. Akasema, "Gia ya pili umeichelewesha." Sasa tunakwenda mara tatu kwa wiki, na kila safari anayo makosa yangu tayari.

Agosti nimeomba siku nne. Tunakuja, mimi na yeye. Tutakwenda kwa daktari wa macho, na baada ya hapo utanionyesha nyumba ya yule binti. Usinijibu kwamba barabara ni ndefu. Najua ni ndefu.

Mdogo wako


24 Agosti

Dada yangu,

Anaandika mama mwenye nyumba, kama kawaida. Anasema umemwachia kitambaa kizuri na anakusalimu mara tatu. Mimi nawashukuru wewe na shemeji. Tangu muondoke chumba kimekuwa kikubwa. Dawa ya matone natia asubuhi na jioni, kwa saa, mama huyu ananisimamia kama askari wa zamu. Daktari alisema mbele yako na sasa nimekubali: kilichopotea hakirudi, tunalinda kilichobaki.

Siku ile nilipoingia nyumba ya yule mwalimu, maana ni mwalimu sasa, wewe na shemeji mlibaki garini, na nilipotoka hamkuniuliza. Nimeona nikwambie.

Alinikaribisha. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. Nilimwambia, "Uliniuliza kama kweupe, nikakwambia ingia. Kosa halikuwa lako, lilikuwa langu, na nilisaini uongo." Akasema, "Nilijua. Siku ile kabla hatujaondoka ulipapasa mkanda wa kiti ukaukosa mara mbili. Niliona, nikajiambia mwalimu hawezi kuwa haoni." Akaniambia kwamba miaka miwili amekuwa akijiuliza kama aliota. Nikamwomba msamaha. Akasema hajui bado. Alisema, "Niandikie hayo uliyoyasema, uweke sahihi." Nimeyaandika, mama huyu ni shahidi, yamekwenda kwake na nakala kwa mwenye shule. Watakachoamua waamue.

Aliponisindikiza mlangoni akauliza nani amenileta. Nikasema ni dada yangu, amejifunza mwaka huu. Akauliza umri wako, nikamwambia. Ndiyo maana alikuja mpaka dirishani akakutazama vile. Hukukosea kitu.

Shemeji alininong'oneza tulipoachana kwamba kule nyuma sikusema neno njia nzima ya kurudi, na anadhani nilikuwa na huzuni. Mwambie hivi. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye magari yanayoendeshwa na wanafunzi, na sikuwahi kuegemeza kichwa hata siku moja. Siku ile nilisikiliza gia zako mpaka darajani. Gia ya pili bado unaichelewesha. Baada ya daraja sikumbuki chochote, dada. Nililala usingizi mzito mpaka uliponiamsha kwangu mlangoni.

Kaka yako